Neno la Kuziba Patupu

"—kavimba jamani, uso wote, macho yamezama hayaonekani, na kompyuta bado imekazana: Hakuna! Hakuna!"

Nesi wa chumba cha sindano alikuwa ameshikilia fremu ya mlango wa chumba cha kumbukumbu, mkono mmoja una glavu, wa pili hauna, anahema kama katoka kufukuzwa na mbwa. Saa tatu asubuhi! Saa tatu tu, watu hata chai hawajamaliza, na siku yenyewe ndiyo ile iliyosubiriwa miezi saba, siku ya uzinduzi, kliniki zote zinaingizwa kwenye mfumo wa kompyuta ambao hospitali ilishaanza kuutumia, viti vya plastiki vimeshapangwa ukumbini na vitambaa vyeupe juu.

"Nani kavimba? Taratibu, utazimia na wewe," akasema Bi Kabati. Huyu ndiye karani mkongwe wa mafaili, mama wa miwani ya kamba, funguo za makabati kumi na sita kiunoni, hata akienda msalani unasikia anavyokwenda.

"Mwashi mmoja. Kaja na kidonda cha mguu, daktari kaandika penisilini, mimi nikafungua rekodi yake kama tulivyofundishwa. Aleji ya dawa: Hakuna. Kwa herufi za kijani kabisa. Nikamchoma. Dakika tatu hazijaisha, mtu anakoroma!"

"Yuko hai?"

"Yuko hai, wamemrudisha, yuko kwenye oksijeni. Lakini mkewe yuko pale nje anapiga kelele, eti kwenye faili la zamani iliandikwa, ilikuwepo, aliiona kwa macho yake. Sasa mimi nifanyeje, nibishane na kijani?"

Kwenye meza ya dirishani alikaa msichana aliyevaa gauni jipya la bluu, limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Hospitali nzima ilimwita Kamusi. Aliposikia neno "kijani" aliinua kichwa. Alichukua kalamu, akaifungua, akaifunga. Akaifungua tena.

Sasa lazima mjue kwa nini, maana bila hilo hamtaelewa alivyokufa ganzi pale.

Kamusi alimaliza chuo mwaka juzi, kozi ya kumbukumbu za afya, na kazi aliyopewa ilikuwa ya ajabu kidogo: kuwafanya watu wakubwa wakubaliane maneno. Hospitali moja na kliniki zake nane zilikuwa zinahamia kwenye mfumo mmoja wa kompyuta, na kila mahali walikuwa na lugha yao. Kliniki moja ilisema "mgonjwa mpya" ni yule ambaye hajawahi kukanyaga pale maishani. Ya pili ikasema mpya ni kila anayekuja kwa mara ya kwanza tangu Januari, hata kama alizaliwa humo humo wodini. Ya tatu, mpya ni yeyote aliyepoteza kadi! Walibishana wiki mbili. Halafu uzito: kliniki nne zilipima watu na viatu, nne bila viatu, na kliniki moja ya hizo nne za viatu ilikuwa inatoa kilo moja "kwa ajili ya viatu", mwanamume wa buti na mtoto wa kandambili, wote kilo moja. Kamusi alicheka mpaka akatoka nje ya kikao.

Lakini aliiweza kazi. Alikwenda huku na huko, akawabembeleza manesi wakuu, akawaletea madaktari karatasi mpaka majumbani, na baada ya miezi saba kukawa na kijitabu cha jalada la bluu: Orodha ya Istilahi za Pamoja, maneno mia mbili na kumi na mawili, kila neno na maana yake moja na majibu yanayoruhusiwa. Mganga Mkuu alimvisha kilemba cha ukoka mbele za watu, "binti yetu huyu, kichwa chake maktaba," na yeye akakivaa kilemba chenyewe, akaenda nacho nyumbani, akalala nacho.

Mstari wa sitini na tatu ulikuwa: aleji ya dawa. Majibu yanayoruhusiwa mawili, Ipo na Hakuna.

Bi Kabati alitaka matatu. Alisimama kwenye kikao, miwani puani, akasema, "Mimi kwenye mafaili yangu, nafasi ikiwa tupu maana yake mtu hajaulizwa. Wekeni na hilo. Hajaulizwa." Mganga Mkuu akajibu kwamba tukiweka hilo kila nesi mvivu atalibonyeza hilo hilo, na ripoti ya nafasi zilizojazwa itasoma asilimia arobaini, na sisi tunataka asilimia mia. Watu wakacheka. Kamusi naye alicheka, ndiyo, alicheka, akalifuta.

Halafu ikaja ile Alhamisi, wiki tatu kabla ya uzinduzi, saa kumi alasiri. Fundi wa mfumo, kijana mmoja mwembamba anayetafuna kijiti cha kiberiti saa zote, alikuwa anahamisha rekodi za zamani. Akamgeukia. "Kamusi, niokoe. Mstari wa sitini na tatu. Nina watu elfu kumi na nne na mia mbili na kumi na mmoja, nafasi zao tupu, na mfumo haukubali patupu. Unanirudishia kila mara. Niwekee kitu."

Na yeye, begi begani, mawazo yake yako kwenye usafiri wa kurudi nyumbani, akasema, "Weka Hakuna."

Maneno mawili tu. Fundi akabonyeza, dakika mbili, kwisha. Hawakuandika popote. Hawakumwambia mtu. Kesho yake ripoti ikasoma asilimia mia, na Mganga Mkuu akaibandika ukutani.

Sasa ndiyo mnaelewa ile kalamu.

Nesi alipokwisha kurudi mbio kwa mgonjwa wake, Kamusi aligeuza kioo cha kompyuta kidogo, Bi Kabati asione, akaandika namba nyingine. Si ya mwashi. Namba aliyoijua kichwani kama wimbo, kwa sababu tangu Jumatano alikuwa anaipitia kila asubuhi: namba ya Mama Mkubwa wake, dada wa marehemu mama, aliyemlea tangu akiwa na miaka mitano, aliyelala wodi ya wanawake kitanda cha tisa akisubiri kutolewa mawe ya nyongo. Upasuaji saa tisa alasiri. Leo hii.

Aleji ya dawa: Hakuna. Kijani.

Akaikodolea macho. Hiyo Hakuna ilitoka wapi? Kuna mtu aliwahi kumuuliza Mama Mkubwa, naye akasema hana? Au ni ile ya kwake, ya Alhamisi, ya begi begani? Alibonyeza hapa, akabonyeza pale. Zilikuwa sawasawa, huwezi kujua. Yeye mwenyewe alikuwa amehakikisha zinafanana, ndiyo kazi aliyolipwa kufanya.

Akatoka bila kuaga. Ukumbi mrefu wa kwenda wodini ulikuwa umepigwa deki na bado unateleza, na yeye na viatu vyake vya sherehe alikwenda kama anatembea juu ya sabuni. Kwenye benchi nje ya chumba cha dharura alikuwa amekaa mwanamke, kanga begani, kiatu kimoja cha mumewe mkononi, kiatu cha kazini chenye simenti iliyokauka. Hakuwa anapiga kelele tena. Alikuwa anabandua simenti kwa ukucha, kipande kwa kipande. Kamusi akapita akiangalia upande wa pili.

Mama Mkubwa alikuwa ameketi kitandani, tumbo tupu tangu jana usiku, hasira tele.

"Umekuja kunionyesha gauni? Zuri. Sasa niletee chai."

"Mama Mkubwa, hairuhusiwi, unajua. Niambie kitu kimoja. Kuna dawa yoyote iliyowahi kukudhuru? Sindano, vidonge, chochote?"

"Kwani hamjui?"

"Niambie tu."

"Nilipojifungua yule wangu wa pili, Mungu amrehemu, walinichoma penisilini nikaondoka duniani robo saa. Nilizinduka nimefungwa mipira kila mahali. Daktari akasema isirudiwe tena mpaka naingia kaburini. Akachukua kalamu nyekundu, nikamwona, akapiga alama kwenye kava la faili langu, duara jekundu hivi." Akaonyesha kwa kidole gumba.

"Mbona hukuwaambia hapa?"

"Nani kaniuliza?" Mama Mkubwa akashangaa kweli kweli. "Zamani kila ukija wanakuuliza mpaka unachoka: unaumwa nini, unatumia nini, dawa gani huiwezi. Hawa wa siku hizi wanaangalia kioo, wanasema 'sawa mama', wanaondoka. Nikasema basi, wameendelea, wanajua kila kitu."

Kamusi akamshika mkono, mkono wenyewe unanuka dettoli. Halafu akaenda kwa sista wa wodi, akainama karibu na sikio lake, sauti ya chini, akasema mgonjwa wa kitanda cha tisa asipewe penisilini, yeye ni ndugu yake, anajua.

"Lakini hapa imeandikwa—"

"Kosa dogo la uchapaji," akasema Kamusi, na kutabasamu akatabasamu. "Nitalirekebisha mwenyewe."

Akalirekebisha pale pale, kwenye kompyuta ya sista. Kijani kikawa chekundu. Akapumua.

Mngemwona anarudi! Karibu arukeruke. Mama Mkubwa kaokoka, mwashi yuko hai, hakuna aliyekufa, saa nane uzinduzi, na kwenye ratiba iliyochapwa jina lake liko la tatu, "Mratibu wa Istilahi, dakika tano." Mlangoni pa chumba cha kumbukumbu akamkuta Fundi anamsubiri, kijiti mdomoni kimelowa chote.

"Umesikia ya mwashi?"

"Nimesikia."

"Sikiliza. Tusiseme. Leo wageni, kamera, watu wa wizarani. Jumatatu mimi na wewe tunaingia kimya kimya, tunarekebisha. Nani atajua?"

"Jumatatu tunarekebishaje? Tutamjuaje nani aliulizwa na nani hakuulizwa?"

Fundi akakitoa kijiti mdomoni, akakiangalia. "Tutatafuta njia," akasema, na kwa jinsi alivyokiangalia kile kijiti Kamusi akajua njia haipo.

"Kwenye makava," akasema Kamusi ghafla, akichungulia ndani. "Bi Kabati! Makava ya mafaili, yale yenye alama nyekundu, yako wapi?"

Kwa maana wakati wa kupiga picha mafaili, karatasi za ndani zilichomolewa moja moja zikapitishwa kwenye mashine, na makava yakavuliwa kama maganda, kwa sababu kava ni gamba tu, lina namba na jina, na namba na jina tayari vimo. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye mwongozo. Na nani aliandika mwongozo? Msimwulize.

Bi Kabati alisimama, funguo zikalia, akatangulia. Walikwenda wawili mpaka nyuma ya chumba cha kufulia, pale mashuka yanapoanikwa, na pembeni ya tangi la maji kulikuwa na magunia yamefungwa kamba. Bi Kabati akayahesabu kwa kidole.

"Tisa," akasema. "Juzi yalikuwa ishirini na mawili. Lori la wanunuzi wa karatasi chakavu limeshapita mara moja, linarudi leo jioni."

Walifungua la kwanza. Makava yalikuwa yamechanganywa, kliniki hii na ile, miaka hii na ile, namba mbele nyuma. Kamusi akapiga magoti na gauni lake la bluu, akaanza kutoa. Kava, tupu. Kava, tupu. Kava, duara jekundu. Tupu. Tupu. Duara jekundu, na pembeni kwa mwandiko wa Bi Kabati wa zamani, mzuri kama wa mwalimu: "Asichomwe." Baada ya robo saa alikuwa na makava kumi na saba yenye duara mapajani, na hawakuwa wamefika hata nusu ya gunia moja.

"Mbona hukusema?" akamgeukia Bi Kabati, sauti imepanda. "Kwamba alama ziko kwenye kava! Mbona hukusema?"

"Nilisema niwekeeni Hajaulizwa, mkacheka." Bi Kabati hakupandisha sauti hata kidogo. "Hayo ya kava nilidhani mnayajua. Mimi miaka thelathini na moja, sikuwahi kufikiri kuna mtu hapa asiyejua duara jekundu ni nini. Hapo kosa ni langu, na nitalisema. Lakini patupu, mwanangu, patupu nilikuwa nawaachia makusudi. Nesi akikuta patupu anauliza. Nani kapajaza?"

Mashuka yalikuwa yanapigwa na upepo. Kamusi akatazama magunia.

"Mimi."

"Na Mama Mkubwa wako?"

"Nimemrekebisha."

"Ahaa." Bi Kabati akavua miwani, akaifuta na ncha ya kitenge, polepole, mpaka mtu unataka umnyang'anye uifute wewe. "Wako umemtoa motoni. Hawa je?" Akayatupia macho yale makava kumi na saba. "Saa nane na nusu kile kitufe cha uzinduzi kikibonyezwa, kliniki zote nane zitaanza kusoma hicho kijani chako. Mgonjwa wa kule hana ndugu wa kumnong'oneza nesi sikioni. Mficha uchi hazai, binti yangu."

Akaondoka na funguo zake, kling kling kling, akamwacha pale na magunia.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Wageni mbele, manesi wakuu wa kliniki nyuma yao, kila mmoja na kijitabu cha bluu mapajani, na katikati ya jukwaa meza yenye kompyuta na kitufe kikubwa chekundu cha mapambo, Fundi alikinunua kwenye duka la michezo ya watoto, kimefunikwa kitambaa cha dhahabu. Mganga Mkuu, suti ya kijivu, anang'aa. Alimwona Kamusi anaingia na vumbi magotini, akamkonyeza ajifute. Hakujifuta.

"Na sasa," akasema Mganga Mkuu kwenye kipaza sauti, "binti yetu, ile maktaba yetu inayotembea!"

Makofi. Kamusi akapanda. Hotuba aliiandika usiku wa juzi, ukurasa mmoja, ilianza na ule mchezo wa kilo ya viatu ili watu wacheke. Akaifungua. Akaikunja.

"Naomba mfungue ukurasa wa kumi na nne. Mstari wa sitini na tatu."

Kurasa zikafunguliwa, shrrr, ukumbi mzima. Kwenye ngazi za pembeni Fundi alikuwa anatikisa kichwa, hapana, hapana, hapana.

"Hapo pameandikwa kwamba Hakuna maana yake mgonjwa aliulizwa kuhusu aleji ya dawa, akajibu hana. Ndiyo maana tuliyokubaliana wote. Maana hiyo si ya kweli. Kuna watu elfu kumi na nne na mia mbili na kumi na mmoja ambao hatujui kama mtu aliwahi kuwauliza. Nafasi zao zilikuwa tupu. Kompyuta ilikataa patupu, fundi akaniuliza aweke nini, nikasema weka Hakuna. Kompyuta haina kosa. Fundi hana kosa. Mimi ndiye niliyesema."

Watu wa wizarani wakaacha kuandika.

"Binti, keti," Mganga Mkuu akasema bila kipaza sauti, tabasamu bado liko usoni, limesahaulika pale. "Tutalizungumza ofisini."

"Daktari, nikikaa mtabonyeza."

Nesi mkuu wa kliniki ya nne, mama mmoja mnene wa sauti nzito, akasimama na kijitabu chake. "Subiri kwanza. Kwani hamwezi kuwatenganisha? Hao waliojibu na hao wasioulizwa?"

"Hatuwezi, mama. Wote sasa wana neno moja."

"Kwangu wako wangapi?"

"Sijui."

"Hujui! Miezi saba umenifuata mpaka msibani nikutilie saini maneno yako, leo hujui!" Watu wawili watatu wakacheka kwa wasiwasi, kisha wakanyamaza, maana yule mama hakuwa anacheka. Alikuwa anageuza macho huku na huko, kama anawahesabu watu wake kichwani. "Na huyo mwashi wa asubuhi? Ni katika hao?"

"Ni katika hao."

Bi Kabati alikuwa amesimama mlangoni. Akaja mpaka mbele, na yale makava kumi na saba aliyorudi kuyachukua, akayaweka juu ya kile kitambaa cha dhahabu, moja moja, maduara juu. Akasema haya ni ya nusu ya gunia moja, magunia kumi na matatu yameshaondoka, na kwamba yeye alijua alama hizi ziko kwenye makava na hakufungua mdomo.

Mganga Mkuu akayatazama. Alinyoosha mkono kama anataka kushika moja, akaurudisha mfukoni. Halafu, na hapa lazima apewe haki yake, akamwita Fundi, akamwambia mbele ya wageni wote: "Hakuna zote. Zitoe."

"Zote, Daktari? Hata zile za kweli? Ni watu elfu thelathini na kitu."

"Unazijua za kweli ni zipi?"

Fundi akaketi. Akaongeza lile neno la tatu la Bi Kabati, Hajaulizwa, akaliweka penye kila Hakuna, akabonyeza. Dakika mbili. Ilikuwa ni dakika mbili kujaza na dakika mbili kutoa, na kuwauliza watu elfu thelathini na kitu, mmoja mmoja, kliniki nane, wengine wamehama, wengine namba za simu hazipatikani, hilo hakuna aliyethubutu kulitaja muda wake. Ile karatasi ya asilimia mia ilibaki ukutani kwa sababu hakuna aliyekuwa na mkono wa kuitoa.

Alipokuwa anashuka jukwaani Mganga Mkuu akamwambia, bila kumwangalia, "Jumatatu saa mbili, barua ya maelezo. Na uje na kitambulisho chako cha kazi." Mtu haambiwi aje na kitambulisho ili akipambe. Kamusi akasema ndiyo, Daktari.

Mchana wote ule hospitali ilikuwa kama kichuguu kimepigwa teke. Bi Kabati aliwagawia manesi penseli nyekundu kutoka kabati la kumi na moja, wakapita kitanda kwa kitanda kuuliza. Upasuaji wote ukaahirishwa mpaka kila mgonjwa aulizwe na dawa zipangwe upya. Lori la karatasi likaja, likarudi tupu. Kamusi alibaki nyuma ya chumba cha kufulia mpaka kucha zikawa nyeusi, na kwenye yale magunia tisa alipata maduara mia moja na manane. Kava la Mama Mkubwa halikuwemo. La mwashi pia halikuwemo. Yalikuwa yamekwenda na lile lori la kwanza.

Saa kumi na moja, saa ya kutazama wagonjwa, alipita tena pale kwenye benchi. Yule mke wa mwashi alikuwa pale pale. Safari hii Kamusi alisimama. Alitaka kusema. Mwanamke akainua uso, akamwona na gauni chafu na magoti yenye vumbi, akasogea kumpisha nafasi akae, akidhani naye ana mgonjwa wake.

"Wanasema tusubiri mpaka kesho ndipo watajua," akamwambia. "Wako yuko wapi?"

"Wodi ya wanawake," akajibu Kamusi, na akaondoka haraka, na aibu ikamfuata nyuma nyuma mpaka kitanda cha tisa.

Mama Mkubwa alikuwa anakunywa chai hatimaye, vikombe viwili, na maumivu yamemrudia upande wa kulia, anauma midomo katikati ya maneno.

"Nimefunga siku nzima bure! Wananiambia kesho. Na wamekuja kuniuliza mara tatu, watu watatu tofauti, aleji, aleji, aleji, mpaka nikamwambia yule wa mwisho nina aleji na maswali." Akamtazama vizuri. "Na wewe umeanguka wapi na gauni?"

"Nilikuwa natafuta mafaili."

"Hapa wodini wanasimulia kuna mtu aliwaandika watu wote kwamba hawana kitu, bila kuwauliza. Ni kweli?"

"Kweli."

"Ningechomwa mimi!"

"Ndiyo, Mama Mkubwa."

"Shetani gani huyo?" Kikombe kikagonga meza. "Wamemkamata?"

"Alijitaja mwenyewe. Mbele ya watu."

Mama Mkubwa akajishika ubavu mpaka maumivu yakapita. Aliposema tena, sauti ilikuwa imeshuka. "Alijitaja. Hmm. Mtoto wa nani huyo?"

Kengele ikalia. Mlinzi akapita anapiga makofi, jamani muda, jamani muda, tukutane asubuhi. Kamusi akavuta shuka mpaka mabegani mwa Mama Mkubwa, akalikunja pale shingoni kama yeye alivyokunjiwa akiwa mdogo. Kucha zake nyeusi zilikuwa juu ya shuka jeupe, na Mama Mkubwa alikuwa anaziangalia. Alikuwa anaziangalia kwa muda mrefu.

"Kesho," akasema Kamusi. "Ukishatoka kule ukazinduka, nitakuwa nimekaa hapa hapa. Nitakumalizia hadithi."

"Basi itabidi nizinduke. Siwezi kufa na umbea nusu." Akamshika kidole, kidogo tu, akakiachia. "Na uanzie hapo hapo nilipouliza."

"Nitaanzia hapo, Mama Mkubwa. Kesho."